Chupa ya Divai na Karatasi Yake

Siku moja fungueni kabati la sakristia katika kanisa dogo la kijiji, mahali padri anapofika mara moja tu kwa mwezi. Mtaona vitambaa vya altare, vipande vya mishumaa, kopo la hostia, na chupa moja au mbili. Zamani chupa hizo zilikuwa za Primus. Ndani mna kitu chenye rangi ya chai nzito. Je, ni divai ya Misa? Je, imekwisha kugeuka siki? Katekista wa kwanza alijua, lakini amehamia kijiji kingine. Mlinzi wa kanisa anasema: «Nadhani ni divai.» Chupa ina mdomo, lakini haisemi.

Jambo hili si dogo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 815, iliagiza kwamba divai ya Misa iwe ya asili, iwe tunda la mzabibu, tena isiwe imeharibika. Sheria mpya ya mwaka 1983, katika kanuni ya 924, imerudia agizo hilo hilo. Pasipo divai ya kweli hakuna Misa, hata kama nyimbo ni nzuri na watu wamejaa hadi mlangoni. Basi padri aliye mbali na shamba la mizabibu atapata wapi hakika? Ataipata katika barua ya askofu, katika neno la aliyemwuzia, na mwisho kabisa katika kile kikaratasi kilichobandikwa tumboni mwa chupa, ambacho sisi tumezoea kukiita etiketi.

Wengi wanadhani etiketi ni pambo la wenye maduka. Lakini tukifuata habari zake tangu zamani, tutaona kwamba ni neno la shahidi. Tena mashahidi wa kwanza hawakuwa na mashine za kuchapa. Waliandika kwa mkono wao wenyewe.

Twende kwanza Misri. Mwaka 1922 Mwingereza Howard Carter alifungua kaburi la mfalme kijana Tutankhamun, aliyekufa miaka zaidi ya 1300 kabla ya Kristu. Dunia nzima ilisikia habari za dhahabu yake. Mimi napenda zaidi mitungi yake ya divai. Katika kaburi lile ilionekana mitungi 26 yenye maneno ya wino begani. Waandishi wa Farao waliandika upesi upesi, kwa herufi za kazi za kila siku, si kwa zile picha nzuri za kuta za mahekalu. Waliandika nini? Kwanza mwaka wa utawala wa mfalme, ndio mwaka wa mavuno: mwaka wa 4, wa 5, wa 9. Halafu shamba ni la nani. Halafu liko wapi. Mara nyingi ni kando ya Mto wa Magharibi, maana yake tawi la Nili la upande wa machweo. Mwisho, jina la mkubwa wa wakulima wa zabibu aliyeitengeneza divai hiyo. Mmoja wao alikuwa na jina la Kisiria. Basi hata mgeni, aliyefanya kazi katika shamba la mfalme, aliweka jina lake juu ya kazi yake, na ikiwa divai ni mbaya ilijulikana nani wa kuulizwa.

Mtungi mmoja una mwaka wa 31. Tutankhamun mwenyewe alitawala miaka kumi hivi tu. Kwa hiyo wataalamu wanasema divai ile ilikuwa ya siku za Amenhotep III, ikawekwa miaka mingi kabla ya kuzikwa pamoja na kijana huyo. Bila yale maneno machache nani angejua? Na tazameni wino wenyewe: ulikuwa masizi yaliyochanganywa na maji na utomvu wa mti. Kitu cha jikoni kabisa! Umekaa zaidi ya miaka 3200 nao unasomeka. Nitarudi kwenye masizi hayo baadaye, maana yana faida kwetu.

Tena kuna neno moja katika mitungi ile lililowasumbua wataalamu muda mrefu: shedeh. Wengi waliona kwamba ni kinywaji cha makomamanga. Wengine walisema ni cha zabibu. Mwaka 2006 wachunguzi wa Hispania walitoa habari za uchunguzi wao juu ya masalio yaliyogandama ndani ya mtungi wa shedeh wa Tutankhamun, wakaonyesha kwamba kilitoka katika zabibu nyekundu. Mwandishi wa Farao hakudanganya wala hakukosa. Ni sisi tuliosahau maana ya neno lake. Kwa hiyo aandikaye etiketi aandike neno ambalo hata mgeni atalielewa, si neno la mafumbo kati yake na rafiki yake.

Kutoka Misri tupite katika nchi ya Israeli. Kule Samaria, mji wa wafalme wa kaskazini, mwaka 1910 walichimbua vigae vingi vyenye maandiko ya wino, vya karne ya 8 kabla ya Kristu. Vigae ni vipande tu vya vyungu vilivyovunjika. Karani wa mfalme aliokota kigae, akaandika mwaka, kijiji, majina ya watu, na kitu kilicholetwa: mtungi wa divai ya zamani, au mtungi wa mafuta. Papiro ilitoka mbali, lakini vigae vilikuwa vimejaa uani. Msiseme basi kwamba etiketi inahitaji karatasi ya bei kubwa.

Lakini habari inayonifurahisha kuliko zote ni ya Gibeoni. Mnakumbuka kitabu cha Yosua, sura ya 9. Watu wa Gibeoni waliogopa Waisraeli, wakafanya hila. Walichukua viriba vya divai vilivyochakaa na kushonwa-shonwa, mikate iliyoota ukungu, na viatu vya viraka. Wakasema: Tumetoka nchi ya mbali sana, viriba hivi vilikuwa vipya tulipovijaza. Kumbe mji wao ulikuwa karibu tu. Wazee wa Israeli walitazama kiriba, wakaonja chakula, wala hawakumwuliza Mungu. Wakaapa kiapo, na baada ya siku tatu wakajua kwamba wamedanganywa. Kiriba kilichochakaa ndicho kilikuwa etiketi ya Wagibeoni, nayo ilikuwa ya uongo.

Sasa sikieni ajabu. Tangu mwaka 1956 hadi 1962 Mmarekani James Pritchard alichimbua mahali paitwapo el-Jib, kaskazini ya Yerusalemu. Alikuta maghala 63 yaliyochongwa ndani ya mwamba, yenye umbo la chupa, ambamo, kama alivyoeleza yeye, divai ilihifadhiwa katika ubaridi. Alikuta pia mikono mingi ya mitungi iliyochorwa herufi. Jina lililochorwa humo lilikuwa Gibeoni, pamoja na majina ya watu. Kwa alama hizo alitambua mji wenyewe. Miaka mia nyingi baada ya hila ile, watoto wa Gibeoni walikuwa wakichora jina la mji wao juu ya kila mtungi, ili kila mtu ajue divai imetoka wapi. Sijui kama walikumbuka aibu ya babu zao, lakini mimi nikisoma Yosua siwezi tena kutofikiri juu ya mikono ile ya mitungi.

Waroma nao walijua kuandika juu ya mitungi, tena walijua kusema uongo. Mwandishi Petronius, aliyekufa mwaka 66, siku zile zile za mateso ya Mtume Petro na Mtume Paulo, alisimulia karamu ya tajiri mmoja mjinga, jina lake Trimalchio. Watumishi wanaleta vyombo vya kioo vilivyozibwa kwa chokaa, na shingoni mwa kila kimoja kimebandikwa kikaratasi kinachosema kwamba hii ni divai ya Falerno ya siku za Opimius, yenye miaka 100. Opimius alikuwa mkubwa wa Roma mwaka 121 kabla ya Kristu. Hesabuni wenyewe! Divai ya mwaka huo ingekuwa imekaribia miaka 180 siku za Petronius. Tajiri alilipia maneno ya kikaratasi bila kujua hesabu, na wageni wakasifu. Watu wa namna hiyo hawajaisha duniani.

Linganisheni na arusi ya Kana ya Galilea. Mkubwa wa karamu alionja, akaona ni divai bora, lakini hakujua imetoka wapi. Yoane Mwinjili anaongeza kwamba watumishi walijua, wale walioteka maji. Ndivyo ilivyo hata leo: anayemimina ndiye anayejua. Akinyamaza, ujuzi unapotea palepale.

Baada ya Waroma, kwa karne nyingi, watu wa Ulaya waliweka divai katika mapipa ya mbao. Watawa wa Cîteaux walilima mizabibu yao huko Burgundy kwa uangalifu mkubwa, lakini divai haikukaa katika chupa zenye majina. Ilitolewa katika pipa, ikaletwa mezani kwa jagi, ikanywewa. Hapo etiketi haikuwa na kazi kubwa. Karne ya 17 Waingereza walianza kufanya chupa nene za kioo katika tanuri za makaa ya mawe, na matajiri waliwaagiza mafundi wabandike muhuri wa kioo wenye alama yao begani mwa chupa. Alama hiyo ilitaja mwenye chupa tu, si kilichomo. Mwaka 1728 mfalme wa Ufaransa, Louis XV, aliruhusu divai ya Champagne isafirishwe ndani ya chupa. Chupa zikaanza kusafiri mbali na mikono iliyozijaza, na swali la Kana likarudi: imetoka wapi?

Jibu lilikuwa karatasi. Mwanzo ziliandikwa kwa mkono. Halafu akatokea Alois Senefelder wa Bavaria. Yeye alikuwa mtunga michezo maskini, akitafuta njia ya kuchapa michezo yake kwa bei ndogo. Mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1796 mama yake alimwomba aandike upesi orodha ya nguo za dobi, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi karibu aliandika juu ya jiwe, kwa wino wake wa nta, sabuni na masizi. Masizi tena! Kutoka jiwe hilo ilizaliwa namna mpya ya kuchapa, na katika karne ya 19 etiketi za rangi zilienea kila mahali. Ila Wareno hawakuamini karatasi. Ghala zao zilikuwa na unyevu, karatasi ikaoza. Kwa hiyo chupa nyingi za Porto na Madeira walizipaka herufi nyeupe za rangi juu ya kioo chenyewe. Sisi wenye sakristia zinazovuja tuwaelewe.

Karatasi ilipokuwa rahisi, uongo nao ukawa rahisi. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aliyetoka Marekani alianza kula mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, na mashamba mengi sana yakafa. Divai ikapungua, lakini chupa madukani hazikupungua! Watu walichemsha zabibu kavu, wakatia sukari na maji na rangi, wakabandika jina zuri. Mwaka 1889 serikali ya Ufaransa ililazimika kutoa sheria ya kueleza divai ni nini: ni kinywaji kilichochachuka kutoka zabibu mbichi. Ikafuata sheria ya mwaka 1905 ya kuadhibu wadanganyifu. Hata hivyo mwaka 1907 wakulima wa kusini waliandamana kwa maelfu, maana divai ya uongo iliwaua kwa njaa. Askari walipiga bunduki kule Narbonne na watu wakafa. Watu walikufa kwa ajili ya neno lililoandikwa juu ya chupa. Mwaka 1935 ikaja sheria ya kulinda majina ya mahali.

Hapa habari yetu inagusa Kongo. Askofu Mkuu Lavigerie alifika Algeri mwaka 1867, na mwaka 1868 alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ndio Mapadri Weupe. Nyumba yao kubwa ilikuwa Maison-Carrée, leo El Harrach, na huko walilima mizabibu. Mwaka 1895 walifungua shamba jingine kule Thibar, Tunisia. Lakini mizabibu ya Algeri ilikuwa mbali mno na Ziwa Tanganika. Msafara wa kwanza uliondoka Bagamoyo Juni 1878, na waliotumwa Tanganika walifika Ujiji Januari 1879. Padri Pascal, mkubwa wao, alikufa njiani. Walipovuka ziwa, wakashika Mpala mwaka 1885 na Kirungu mwaka 1893, kila tone la divai ya Misa lilipaswa kupita njia ya namna hiyo, kichwani mwa wachukuzi au ndani ya mitumbwi. Wale waliokuja kwetu walijua bei ya chupa moja iliyo ya hakika.

Nitaje na Marekani kwa neno moja. Toka mwaka 1920 hadi 1933 sheria ilikataza pombe nchini kote, lakini iliacha divai ya ibada. Mashamba machache, kama Beaulieu ya Georges de Latour huko California, yaliokoka kwa kuuza divai ya Misa kwa idhini ya askofu mkuu. Wadanganyifu nao waliona mlango huo, na wengi walianza kujifanya watu wa dini ili wapate divai.

Basi msishangae kwamba Roma inakaza. Mwaka 2004 hati iitwayo Redemptionis Sacramentum, katika namba ya 50, ilikataza kabisa kutumia divai yenye shaka juu ya asili yake au mahali ilipotoka. Na mwaka 2017 Kardinali Robert Sarah, Mwafrika mwenzetu wa Gine, aliwaandikia maaskofu wote juu ya mkate na divai ya Ekaristi. Alikumbusha kwamba zamani watawa ndio walioshughulikia vitu hivyo, lakini siku hizi vinauzwa katika maduka makubwa na hata kwenye intaneti. Akashauri maaskofu watoe hati za kuthibitisha. Hapa kwetu wengine waliwahi kuuliza kama kinywaji cha nchi yetu kisingefaa. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyothibitishwa na Roma mwaka 1988, ilikubali mambo mengi ya desturi zetu, lakini divai ilibaki ya mzabibu.

Hati ya askofu hukaa parokiani. Chupa kubwa yenye etiketi ya kiwanda nayo hukaa parokiani. Shida huanza pale divai inapomiminwa katika chupa ndogo ili ipelekwe vijijini. Saa hiyo etiketi ya kiwanda inabaki nyuma, na divai inakuwa kama mtoto asiye na cheti cha ubatizo. Nimeona mimi mwenyewe, katika kanisa moja ambalo sitalitaja, chupa mbili za kufanana zimesimama bega kwa bega: moja ya divai, moja ya petroli ya taa. Pua ya padri ndiyo iliyotuokoa. Kasiksi nayo ina rangi ya kudanganya macho, na kwa harufu tu si kila mtu anaweza kuitofautisha na divai iliyozeeka.

Kwa hiyo fanyeni etiketi zenu. Kwanza ondoeni kabisa ile ya zamani, maana chupa yenye majina mawili ni mbaya kuliko isiyo na jina. Lowekeni chupa katika maji ya moto yenye majivu. Kama gundi inanata bado, sugueni na mafuta ya mawese, halafu sabuni, suuzeni sana ndani na nje, na kausheni. Juu ya kioo chenye mafuta au jasho hakuna kitu kinachoshika.

Karatasi ya daftari yatosha, kubwa kama kadi ya posta iliyokatwa nusu. Andikeni kwa kreyo, ndiyo kalamu ya risasi. Msicheke! Kreyo ni kaboni, ndugu wa masizi ya Farao, na maji hayaifuti. Biki nzuri inafaa pia. Wino wa kalamu ya kuchovya unatiririka kwa tone moja, na vivyo hivyo karatasi nyingi za zile mashine za kompyuta zinazonyunyiza wino. Mashine ya fotokopi, inayotumia unga mweusi, haina shida hiyo.

Andikeni DIVAI YA MISA kwa herufi kubwa. Chini yake jina la divai na mahali ilipotoka, kama lilivyo kwenye chupa kubwa. Halafu siku ilipomiminwa, pamoja na mwaka. Mwaka wa mavuno peke yake hautoshi: kule Dodoma, Tanzania, ambako wamisionari katoliki walileta mizabibu Bihawana mwaka 1957, huvunwa mara mbili kwa mwaka mmoja. Mwisho, jina la aliyemimina, jina zima, si alama ya kidole wala herufi moja. Wakulima wa Tutankhamun waliliandika; sisi tuogope nini?

Kwa kubandika, uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopikwa hadi ung'ae unashika vizuri, ila mende wanaupenda, watakula karatasi yote pamoja na jina lenu. Bora maziwa. Wanaotengeneza divai nyumbani huko Ulaya na Marekani wanatumia maziwa mpaka leo. Pakeni maziwa kidogo nyuma ya karatasi, si kuiogesha. Lazeni chupa juu ya kitambaa kilichokunjwa isibingirike. Wekeni katikati ya karatasi kwanza, halafu sukumeni kwa kitambaa kikavu kuelekea pembeni, hewa itoke, na futeni maziwa yanayotokeza. Acheni ikauke kabla ya kuisimamisha kabatini. Kama sakristia ina unyevu, pitisheni kipande cha mshumaa juu ya karatasi iliyokauka. Nta italinda maandiko.

Siku chupa itakapokwisha, irudisheni katika maji ya moto. Maziwa yataachia na karatasi itatoka bila kukwaruzwa. Fanyeni hivyo kabla chupa haijatoka sakristia, hata kama mtoto amesimama mlangoni akiiomba ya kuwekea petroli.